Wanataka kuchoronga kisima cha gesi jirani na mashamba yetu, wakaguzi wakija niwaulize nini?

Mwana wa Kitongoji

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara vijijini, kijiji sikitaji kwasababu huku kila mtu anamjua mwenzie na mwenyekiti wetu najua yumo humu anasoma kimyakimya (shikamoo mzee). Iko hivi, miaka miwili nyuma walipita watu wa kupima ardhi kwa mitetemo kutafuta gesi, wakafyeka mistari porini imenyooka kama rula, wakalipa mikorosho iliyokatwa wakaondoka, tukasahau. Sasa wamerudi, wameweka bikoni nne za saruji kwenye shamba la jirani na habari ni kwamba hapo patachorongwa kisima cha gesi. Wiki tatu zilizopita wakaja vijana wa mazingira, mkutano chini ya mwembe, tukajaza karatasi, jina, umri, saini, mwenye simu na namba, tukapewa soda na nauli tukatawanyika. Kesho yake kijiji kizima wimbo ni mmoja, mmeshasaini mmeshauza.

Kwenye mkutano mi sikuongea wala wazee hawakuongea, wazee wa huku wana zile vurugu za gesi za 2013 kichwani, likitajwa neno gesi mbele ya watu wa serikali kila mtu anaangalia vidole vya miguu yake. Ila nimepewa ukatibu wa kamati ya mazingira ya kijiji, sifa yenyewe ni kwamba nimemaliza form six na nina simu ya kupangusa, na juzi mtendaji kanipa barua inasema wakaguzi watatembelea eneo la mradi, kamati ijiandae. Tujiandae na nini ndo sijui.

Kwahiyo naomba kujua, ile saini ni kibali? Wakija niangalie nini maana mi kisima cha gesi sijawahi kukiona hata kwa mbali? Na maji je, kutoka bikoni ya kwanza mpaka bomba la mkono tunalochota nimehesabu hatua 410, hapo ni mbali au karibu? Mama yangu ana mikorosho 11 upande ule ule.

Kangomba Mstaafu

Soda ilikuwa baridi au ya moto? Kama ilikuwa baridi hapo mmeuza kweli hahaha. Pole mkuu, subiri wenye mambo yao waje.

Tathmini Mtaa

Mwana wa Kitongoji tulia, hamjauza kitu. Kazi yangu ni hizi ripoti, sio ya mradi wenu, kwahiyo naongea kwa ujumla tu.

Ile karatasi ni mahudhurio. Inaenda kukaa nyuma ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kuonyesha kwamba walikuja kuwasikiliza, na pamoja nayo inaenda orodha ya mlichosema. Hapo ndo penye shida yenu sasa. Mmekaa kimya, kwahiyo kitaandikwa "wananchi wameupokea mradi na wameomba kupewa kipaumbele cha ajira". Hiyo sentensi nimeshaiandika mara nyingi mpaka naiota.

Alafu ile barua nahisi umeisoma haraka. Hao hawaji kukagua kisima, watakagua nini wakati hakipo? Ni NEMC, baraza la mazingira la taifa, wanakuja kuhakiki eneo kabla ripoti haijapelekwa kujadiliwa, yaani wanalinganisha kilichoandikwa na kilichopo ardhini. Kwa lugha nyingine hii ndo nafasi yenu nzuri kuliko zote, maana cheti bado hakijatoka. Kikishatoka mnabaki kufuatilia masharti, sio kubadilisha.

Mlolongo wenyewe watu wengi wanauchanganya. Kwa sheria ya petroli ya 2015 leseni inashikwa na TPDC, yaani shirika la petroli la serikali, kampuni inaingia kwa mkataba wa kugawana mapato. Mambo ya kuchoronga, muundo wa kisima na usalama wake yanasimamiwa na PURA, mamlaka ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, usije ukaandikia EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ukasubiri jibu, wao wanaanzia kwenye kusafirisha na kuuza huko mbele. Mazingira ni NEMC, sheria ya 2004, kifungu cha 81 kinasema mradi wa aina hii hauanzi bila tathmini. Maji ya kuchorongea yanaombewa kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, wako hapo Mtwara mjini, kuyachota ni kibali kimoja na kuyatiririsha yakishachafuka ni kibali kingine. Kemikali ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Usalama wa wafanyakazi OSHA. Kuna na kimoja watu hawakijui kabisa, wakimaliza kuchoronga huwa wanashusha vifaa vya kupima mwamba na vingine vina vyanzo vya mionzi, vile haviingii saiti bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Na kama kijiji chenu kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma basi na watu wa hifadhi za bahari wana neno lao, ile hifadhi ipo tangu 2000 na ndani yake kuna vijiji na mashamba, sio maji matupu.

Sasa usibebe yote hayo kichwani. Omba kitu kimoja, muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili. Kanuni zinataka muhtasari uwepo kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa lugha ya mtu wa kawaida, na mara nyingi nakala inaachwa ofisi ya kijiji ikafia hapo. Ukiupata ruka kurasa za mwanzo zinazosifia mradi, nenda kwenye jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira. Kule kampuni yenyewe imeandika itafanya nini, lini, nani anawajibika. Mkaguzi akija baadae anakagua kwa kutumia lile jedwali, kama kitu hakimo kwenye jedwali kumbana mtu ni kazi kubwa.

Kofia Ngumu

Nimefanya kibarua kwenye rigi, ule mtambo wa kuchoronga, misimu miwili, kubeba magunia na kuosha chuma ndo ilikuwa cheo changu, kwahiyo haya nimeyaona kwa macho. Kampuni sitaji na sehemu sitaji.

Mkuu hofu yako imeelekea chini wakati hatari ya karibu iko juu. Gesi ya huku iko zaidi ya kilomita moja chini, bomba lenu la mkono lina mita ngapi, 30? Kisima kinashuka kwa hatua kama antena ya redio, bomba pana linatangulia linavuka tabaka lote la maji matamu, linazungushiwa saruji kwa nje mpaka saruji ionekane inarudi juu, ikishika wanapima presha, ndo linashuka bomba jembamba zaidi kwa ndani, saruji tena, kipimo tena, hivyo hivyo mpaka kwenye gesi. Pale juu wanafunga mitambo ya vali ya kuziba kisima kama presha ikija kwa ghafla. Saruji ikiwa mbovu hapo ndo gesi inaweza kutafuta njia, na kuna kipimo cha kuangalia saruji imeshikaje, kiulizie, ila mtu wa kukisoma sio mimi wala wewe, ni PURA.

Cha kwako wewe ni shimo la tope. Rigi haichorongi kwa maji matupu, inatumia tope, maji na udongo wa bentonaiti, baraiti ya kuongeza uzito na mara nyingi chumvi ya potasiamu ili mwamba wa mfinyanzi usivimbe ukabana mabomba. Tope linashuka ndani ya bomba, linatokea kwenye meno ya kekee, linapanda limebeba vipande vya mwamba, linapita kwenye machekecheo yanayotetemeka usiku na mchana, tope linarudi kazini na vipande vinamwagwa shimoni. Ukivishika vina joto, kama machicha ya nazi ila ya kijivu na vinateleza. Shimo linatandikwa nailoni nyeusi nzito ili chumvi na oili visizame ardhini.

Sasa sikia kilichotokea. Januari moja ilinyesha siku tatu mfululizo, asubuhi tunafika shimo limebakiza kiganja kimoja kumwagika, na kona ya chini nailoni imechanika kama upana wa kanga. Msimamizi akasema mwagieni mchanga. Tukamwaga, mi mwenyewe na koleo langu. Wiki iliyofuata akaja mkaguzi, akaona mchanga mweupe mzuri umesawazishwa, akapita. Baada ya miezi mikorosho miwili ya ng'ambo ya fensi ikaanza kukauka kuanzia nchani, mwenye shamba akalalamika, akaulizwa una kipimo cha udongo na maji cha kabla ya mradi? Mzee wa watu anavuna korosho tangu Nyerere, kipimo atatoa wapi. Ikaisha hivyo.

Kwahiyo kama utafanya moja tu katika yote haya, PIMENI MAJI KABLA RIGI HAIJAFIKA. Chumvi hasa. Huku pwani maji ya visima yana chumvi yake ya asili, bila kipimo cha kabla kila kitu kitasingiziwa bahari.

Hatua 410 kwenye kichanga sio mbali na sio karibu, inategemea maji ya mvua yanaelekea wapi.

Mama Pweza Kilwa

Mwanangu hujambo. Mimi niko Kilwa Masoko, gesi ya Songo Songo ilipatikana 1974 nikiwa mtoto mdogo na imekuja kuanza kutumika 2004 nikiwa nina wajukuu, kwahiyo habari ya "mradi unaanza kesho" huwa naipokea na chumvi yake. Hata hiyo Mnazi Bay yenu imepatikana 1982 ikalala mpaka 2006. Usikubali mtu akuambie saini leo la sivyo bahati inapita, hii bahati inajua kusubiri.

Hawa vijana wamekueleza ya maji, mimi nakuambia ya shamba. Fidia. Siku ya mthamini hesabuni naye mti kwa mti, msimwachie atembee na mtendaji peke yao. Mkorosho mchanga uhesabiwe, mnazi uhesabiwe, kaburi lisemwe mapema sio tingatinga limeshawashwa. Piga picha, kila mti na mwenye mti amesimama pembeni. Fidia sio bei ya mti peke yake, kuna posho ya usumbufu, usafiri, makazi kwa anayehama, na faida aliyoikosa. Na ikipita miezi sita hawajalipa kuna riba juu yake, hiyo sheria ipo ila hakuna atakayekukumbusha. Ming'oko, vile viazi vya porini, tu ndo hailipwi, mlie nayo wenyewe.

Na ule ushuru wa huduma mnaosikia, asilimia kidogo ya mauzo, unaingia halmashauri sio kijijini. Msije mkapigana na mwenyekiti wenu bure mkidhani amekula.

Kangomba Mstaafu

Mama umeongea. Ila mi nawauliza wataalamu, mkaguzi analetwa na gari la nani? Anakula chakula cha nani? Tusidanganyane, watu wanakuja saa tano, wanapiga picha wamevaa makoti ya njano, saa saba wako Shangani, Mtwara mjini, wanakula samaki.

Tathmini Mtaa

Kangomba sikubishii sana. Wakaguzi ni wachache na kanda ni kubwa, akija ana saa zake mbili tatu na anaona anachoonyeshwa. Lakini kwa sheria ana meno, anaingia saiti, anachukua sampuli, anaweza kutoa amri ya kusimamisha. Tatizo ni kwamba hana sababu ya kwenda kona ya nyuma ya shimo kama hakuna aliyemwambia kona ya nyuma ya shimo ipo. Mfano wa Kofia Ngumu unaonyesha hilo, mkaguzi hakuwa mla rushwa, aliona mchanga.

Ndo maana nasema andikeni. Barua ya kamati, muhuri wa kijiji, nakala kwa afisa mazingira wa wilaya, mpeni mkononi na mbaki na nakala iliyosainiwa amepokea. Maneno ya mdomo yanaishia kwenye gari.

Mwana wa Kitongoji

Asanteni sana wakuu, mama shikamoo. Sijalala vizuri jana nimesoma hii mara tatu. Mtendaji nimemuuliza muhtasari amesema hajawahi kuuona, tutatafuta.

Ila kuna kitu kimetokea leo. Bibi mmoja kaniita kwake saa kumi na mbili asubuhi anasema gesi imeshaanza kutoka, kunanuka vibaya na macho yanawasha, na kweli kunanuka. Majirani wameanza kukusanyika, mmoja anataka twende tukang'oe bikoni. Hii inawezekanaje wakati hawajachimba hata shimo la choo?

Kofia Ngumu

Mkuu huu ni mwezi gani? Jirani wa huyo bibi hana bomba la kupulizia?

Mwana wa Kitongoji

Aisee. Anapuliza salfa, dawa ya mikorosho, tangu alfajiri kabla upepo haujaanza. Nimeona aibu mimi mtoto wa mkulima wa korosho.

Kofia Ngumu

Hahaha usijali, kwenye rigi tuliwahi kukimbia wote kwa ajili ya salfa ya jirani, na king'ora kikapigwa.

Ila lijue hili maana ni muhimu. Gesi asilia ya huku karibu yote ni methane, haina harufu. Ile harufu ya mtungi wa jikoni inawekwa makusudi ili mtu ashtuke, alafu ya mtungi ni nzito inatambaa chini, methane ni nyepesi inapanda. Kwahiyo kisima kikishakuwepo pua haitawasaidia, saiti wanategemea vitambua gesi vyenye kengele na hivyo navyo vinatakiwa kupimwa kila mara, mkaguzi akija muulize cheti cha mwisho cha kupima kengele ni cha lini. Kijijini mtakachosikia ni mlio, kama tairi la lori linatoa upepo na haliishi. Mkisikia huo hamna kuwasha jiko, hamna pikipiki, mnaelekea upande upepo unakotoka bila kuukaribia mlio.

Na siku wakipima kisima watachoma gesi, moto utawaka usiku mzima, kuku hawatalala na watoto watadhani kumekucha. Huo ni wa kawaida, ila waambieni kwenye barua kwamba mnataka taarifa siku kadhaa kabla, na moto usiwe upande wa nyumba za makuti.

Mama Pweza Kilwa

Mlio wa tairi la lori. Nimecheka peke yangu jikoni. Mwanangu umesema mama yako ana mikorosho 11, umeshapiga picha?

Mwana wa Kitongoji

Narudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa bando liliisha. Mama picha nimepiga, 11 pamoja na mitatu midogo ambayo mzee mmoja alisema isihesabiwe.

Muhtasari umepatikana! Ulikuwa kwenye droo ya mtendaji chini ya daftari la mgao wa salfa, kurasa 16, Kiswahili kizuri tu. Nimeenda kwenye jedwali kama nilivyoambiwa. Nailoni ya shimo wameiandika, ukuta wa kuzunguka tanki la dizeli wameuandika, unatakiwa ubebe asilimia 110 ya tanki, na tope likikauka litapelekwa wapi wameandika "eneo litakaloidhinishwa". Eneo gani hawajasema, tumeliweka kwenye barua.

Lakini kubwa ni ramani. Bomba la mkono lipo, limewekewa alama ya bluu. Kisima cha bondeni hakipo. Ni kisima cha kuchimba kwa mikono, kina matairi mawili ya saruji juu, kitongoji cha chini chote kinachota pale kuanzia Agosti bomba likianza kutoa hewa. Kwenye ramani pale pameandikwa pori. Nimeenda kuhesabu hatua, 260 kutoka bikoni.

Wakaguzi walikuja watatu, mmoja mama mtu mzima ana buti zimechakaa. Wenzie walibaki kwenye bikoni na watu wa kampuni, yeye nilimwambia shikamoo mama kuna kisima hakipo kwenye ramani yenu, akasema twende. Tukashuka naye mpaka bondeni, akavuta ndoo mwenyewe, akaonja maji akatema, akaandika kwenye daftari lake, akapiga picha yenye namba za GPS. Barua alipokea, akasaini nakala yetu. Akasema tupime maji na majibu tuyatume NEMC kabla kikao cha kujadili ripoti hakijakaa, na hakuniambia ni lini. Kamati imechangishana, kesho naenda mjini kuulizia bei ya kupima na kama chupa ni zao au tunakuja na zetu.

Kofia Ngumu swali moja. Nilitaka kujua maji ya mvua yanaelekea wapi kama ulivyosema, nikaenda na ndoo mpaka kwenye bikoni nikamwaga nione. Yamezama pale pale, hayajaenda popote.

Kofia Ngumu

Mchanga ndo ulivyo mkuu, ndoo moja haikuonyeshi kitu. Angalia makorongo ya mvua za mwaka huu kabla majani hayajaota yakayafunika, fuata mojawapo kutoka bikoni mpaka linapoishia. Na chupa tumia za kwao, za maji ya Uhai ulizonywea maabara watakurudisha nazo.

Mwana wa Kitongoji

Nimefuata mawili. Moja limepotelea kwenye shamba la mama. La pili limeishia bondeni.